Jirani Mtuhumiwa

Msiba wa mtoto mchanga haukubali kukaa bila sababu. Mzee akifa, umri wake hutosha kuwa jawabu. Mtoto wa miezi mitatu akifa, wafiwa hutazama huku na huku wakimtafuta mwenye kosa. Zamani katika vilima vya Mbeya na Iringa, kama mahali pengi duniani, jicho lilimwangukia jirani. Katika nchi za viwanda jicho limeuangukia mtambo wa nyuklia, jirani mkubwa, mkimya, ambaye sumu yake haionekani.

Shaka hiyo si upuuzi. Mwaka 2007 wataalamu wa Ujerumani walitangaza kwamba watoto wa chini ya miaka 5 waliokaa katika umbali wa kilomita 5 kutoka mitambo 16 ya nchi hiyo walipatwa na saratani ya damu mara nyingi zaidi kuliko wenzao wa mbali. Wataalamu hao hao walikiri kwamba mionzi iliyotoka katika mitambo ilikuwa hafifu mno kuweza kueleza tofauti hiyo. Hesabu ilipatikana, sababu haikupatikana, wala hawakuona aibu kusema hivyo. Uungwana wa namna hii ni adimu.

Mwaka 2011, baada ya ajali ya Fukushima huko Japani, ilidaiwa Marekani kwamba vifo vya watoto wachanga katika miji 8 ya magharibi vilizidi kwa sehemu 35 katika kila 100. Dai lililinganisha majuma 4 ya kabla na majuma 10 ya baadaye. Waliofungua daftari na kusoma majuma yote tangu mwanzo wa mwaka waliona ongezeko limetoweka. Majuma 4 yale yalikuwa na vifo vichache, basi.

Pengine mtu atauliza: woga huu una dhara gani, ikiwa umezaliwa na huruma? Iringa yaweza kujibu. Tanzania haina mtambo hata mmoja wa nyuklia, na Iringa, kama Mbeya, ni ghala la mahindi linalolisha mikoa mingine. Hata hivyo uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 uliwakuta Iringa watoto 57 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 wamedumaa, hali wastani wa nchi ulikuwa 30. Kwa hoja ya ujirani peke yake, mahindi yangestahili kushtakiwa.

Katika miaka ya 1980 mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani ulianza katika vijiji 168 vya mkoa huo. Silaha yake ilikuwa mizani. Watoto walipimwa kila baada ya miezi michache, na hesabu ikasomwa mbele ya wanakijiji wenyewe. Yaliyojitokeza hayakuwa na mnara wa kunyoshewa kidole: uji uliojaza tumbo dogo kabla ya kuutosheleza mwili, milo miwili mahali pa minne, mama aliyekuwa shambani tangu alfajiri. Wa kuulizwa alikuwa baba, na mgawanyo wa kazi nyumbani mwake. Swali hilo lilichoma kuliko lo lote juu ya mionzi ya mbali. Na kwa kuwa liliulizwa, utapiamlo mkali ulipungua sana katika vijiji vile kabla ya mwaka 1990.

Kwa nini udumavu ungali mwingi leo, katika mkoa ule ule, ni jambo ambalo halijapatiwa jawabu moja. Wanaolitafuta wangali wakimlaza mtoto juu ya ubao na kuusoma urefu wake.