Ujira wa Mwenye Kilema

Suala limeulizwa juu ya ujira wa mwenye kilema: je, yafaa apewe chini ya kiwango kilichowekwa na sheria, ikiwa mwenyewe ameridhia, ili apate kazi?

Wasemao yafaa wana hoja yao. Mwaka 2013 Serikali ya Tanzania iliweka kima cha chini cha kazi za kilimo kuwa Shilingi 100,000 kwa mwezi, na baadaye kikapandishwa. Basi tajiri wa Masasi au Newala, akiona mtu abangua korosho nusu ya mwenziwe, husema: kwa nini walipwe sawa? Akamwacha. Sheria iliyokusudiwa kumlinda ikawa ndiyo iliyomfungia mlango.

Hoja hii si ya kudharauliwa, lakini itazamwe kwanza hiyo nusu yatoka wapi. Mashine ya kubangulia ya mkono na mguu yataka viungo vizima; kiwete akiwekwa hapo atashindwa. Ama kuchagua korosho nzima na zilizovunjika, hiyo ni kazi ya jicho na vidole, tena hufanywa mtu ameketi. Kiwete hapungukiwi na kitu, wala kiziwi. Ibn Umm Maktum alikuwa kipofu, naye akiadhini Madina. Upungufu mwingi, basi, si wa mtu, ni wa aliyempanga pasipo pake.

Ikabaki ile nusu ya kweli. Ridhaa ya mwenye njaa ni ridhaa gani? Na nani atakayepima kazi yake, ikiwa mpimaji ndiye afaidikaye kwa kuiona ndogo? Marekani ilitoa ruhusa hiyo kwa sheria ya mwaka 1938. Tanzania ilishika njia nyingine: sheria ya mwaka 2010 yamtaka mwajiri wa watu 20 na zaidi awe na wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Njia hii ni njema zaidi, kwani haigusi chakula cha mtu.

Ila huko Masasi na juu ya uwanda wa Newala wengi ni vibarua wa mashamba ya watu, wala hawafikii 20 penye bwana mmoja. Wako waokotao korosho chini ya mikorosho wakalipwa kwa kadiri ya walichookota. Hapo kilo ya kiwete ina bei ile ile ya mzima, na mizani haina dhulma. Lakini jioni ana nusu ya posho. Nusu iliyopungua si deni la mwenye shamba peke yake, ni la mji mzima, nayo hutolewa katika zaka na katika hazina ya Serikali. Wala isihesabiwe kuwa ni ujira wake, asije mwenye shamba akapunguza bei ya kilo kwa kutegemea sadaka za wengine.