Haya Isiyokuwa Haya

Alinijia mtu hapa Songea baada ya sala ya isha, umri wake umepita miaka 40. Alikaa kitambo haneni, kisha akaniuliza, "Maalim, sala zangu zasihi?" Ngozi ya mbele ya dhakari yake ilikuwa imebana, hairudi nyuma, akienda haja ndogo huvimba kwanza ndipo mkojo utoke, kisha hutona nguoni. Wazee wake ni Wangoni, na Wangoni wa zamani hawakuwa na jando kama jirani zao Wayao wa Tunduru. Alisilimu ukubwani, akaona haya kumwambia mtu.

Mas'ala haya yana pande mbili, na watu huzichanganya. Upande wa kwanza ni maradhi. Mtoto huzaliwa na ngozi iliyoshikana, na hayo si maradhi. Huachana yenyewe kwa miaka, wala haifai kuivuta kwa nguvu, kwani ikichanika hufanya kovu, na kovu hubana zaidi. Ama mtu mzima, matabibu humpa marhamu ya steroidi, akapaka kila siku kwa muda wa wiki 4 hadi 8, huku akiinyoosha ngozi taratibu, na wengi hupona bila ya kisu. Penye kovu gumu jeupe, mara nyingi kukata ndiyo dawa. Na ambaye ngozi yake ilikuwa salama, kisha ikaanza kubana na kuwasha ukubwani, na apimwe kisukari. Na ikirudi nyuma ikakwama, kichwa kikavimba, asingoje asubuhi.

Upande wa pili ni sharia. Kwetu sisi Mashafii kutahiriwa mwanamume ni wajibu akishabaleghe, na marhamu haiuondoi wajibu huo ijapokuwa yaondoa ugonjwa. Tena mwenye janaba hana budi kuyafikisha maji chini ya ngozi hiyo. (Nasi waalimu, tufikapo hapo katika mlango wa josho, hugeuza ukurasa upesi.) Basi asemaye, "Nimepona, sina haja ya kukata," amesema kweli mbele ya tabibu, hakusema kweli mbele ya fakihi. Lakini wanavyuoni hao hao wamesema kuwa anayehofiwa kudhurika hungojwa mpaka apate nguvu. Mwenye kisukari kisichotulia, au mwenye damu isiyoganda, akitumia marhamu kwa shauri la tabibu, hakuukimbia wajibu, anaungoja.

Lililo gumu ni kupambanua hofu ya dhara na hofu ya watu. Mgeni wangu aliitaja ya kwanza. Nilipomhoji nikaiona ya pili. Aliogopa kuketi kwenye benchi pamoja na vijana, na lile jina la matusi aitwalo asiyetahiriwa. Haya ni katika imani, sikatai, bali Ummu Sulaym alipomwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya janaba, alitanguliza kusema kuwa Mwenyezi Mungu haionei haya haki. Na Nabii Ibrahim (a.s.), kwa mapokezi ya Bukhari na Muslim, alijitahiri naye ana miaka 80. Amtaniaye mtu kwa hili na ajue amtania nani.

Juu ya sala zilizopita wanavyuoni wana maneno marefu, nami sikumjibu usiku ule. Nilimwambia tuanze na mwili. Akaniuliza kama yafaa kukatwa na tabibu Mkristo, kwani alifikiria kwenda Peramiho, kwenye hospitali ya misheni. Nikamwambia twatafuta ujuzi na uaminifu. Tukaagana tuondoke Jumatatu, mimi na yeye, kwa gari la asubuhi.