Ruhusa ya Kutazama na Ruhusa ya Kuweka

Wahenga waliosema kuwa mficha uchi hazai walitoa ruhusa. Waliosema kuwa siri ya mtungi aijuaye kata walitoa onyo. Methali ya kwanza humtaka mwenye haja ajifunue mbele ya awezaye kumsaidia. Ya pili hukumbusha kuwa kila kiingiacho ndani hutoka kimejua. Swali lililo baina yao ni la zamani, lakini limepata uwanja mpya katika kazi ya mafundi wa kompyuta: je, aliyepewa ruhusa ya kutazama ndani ya kitu ili akitibu, amepewa pia ruhusa ya kuyaweka aliyoyaona?

Na ichukuliwe kwa mfano ofisi moja mjini Chake Chake, ambamo programu ya kuandikisha wagonjwa husuasua kila ifikapo adhuhuri. Haifi, wala haifanyi kazi ipasavyo. Fundi akiizima na kuiwasha tena, itaamka nzima, lakini sababu ya ugonjwa itakuwa imepotea pamoja na kumbukumbu yake. Na kesho adhuhuri mambo yatakuwa yale yale. Kwa shida ya namna hii ipo amri iitwayo gcore, iliyo sehemu ya GDB, chombo cha kuchunguza makosa ya programu kilichoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1986. Fundi huandika jina la amri na nambari ya programu inayoendeshwa. Programu husimamishwa kidogo, kumbukumbu yake hunakiliwa katika faili, kisha huachiliwa iendelee na kazi. Karani huenda asitambue ila kusita kwa muda mfupi. Fundi huondoka na faili, akalisome kwa utulivu.

Kukichunguza kitu hai bila ya kukiua si jambo geni Chake Chake. Huko Wawi ipo Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000. Mkojo wa mtoto wa shule hutazamwa kama una mayai ya kichocho, na mtoto mwenyewe yuko uwanjani anacheza. Walakini mfano huu una mpaka wake. Mkojo ulio katika kichupa ni sehemu tu, nao umeombwa kwa ajili ya jambo moja. Faili la gcore si kata moja ya maji; ni mtungi mzima. Ndani yake limo kosa linalotafutwa, lakini pia limo jina la mgonjwa aliyeandikwa dakika ile, na maradhi yake, na pengine neno la siri la karani. Mwandishi wa programu aweza kutia alama sehemu za kumbukumbu zisinakiliwe. Lakini fundi akiongeza herufi moja, a, katika amri yake, hata hizo hunakiliwa.

Iko tofauti nyingine iliyo kubwa zaidi. Kumbukumbu ya programu iliyo hai husahau, nakala haisahau. Jina la mgonjwa lina pahala pake katika daftari la ofisi, penye mlinzi na kanuni. Neno la siri lilikuwa mpita njia, lilihitajika kwa mlango mmoja tu. Vyote viwili vikiingia katika faili la fundi, vimepata makao ambayo wenyewe hawakuyaridhia wala hawayajui.

Fundi aweza kujibu kuwa bila ya nakala hapana tiba, na kuwa wagonjwa ndio wa kwanza kuumia programu ikizimika. Jibu hilo ni la haki. Lakini linahalalisha kutazama, kuweka halikugusi.

Julai 2023 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitangaza kuwa wadukuzi wamesoma barua pepe za wateja wake kwa ufunguo wa siri wa kampuni yenyewe. Septemba ikaeleza kuwa yaelekea ufunguo ulinaswa katika nakala ya kumbukumbu ya mfumo ulioanguka Aprili 2021, na nakala hiyo ikahamishwa ili mafundi waichunguze. Machi 2024 ikaongeza kuwa nakala yenye ufunguo huo haikuonekana. Mfumo ule ulikuwa umeanguka, hii ya Chake Chake ingali hai. Lakini funzo ni moja. Asiyejua ni nakala ngapi alizoziacha nyuma hawezi kujishitaki kwa hakika, wala kujitetea.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 hutaka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi lililo wazi. Lakini sheria haipo chumbani fundi anapokuwa peke yake na faili. Hapo hubaki uaminifu, nao una mipaka inayojulikana: asinakili kabla ya kujaribu njia iliyo nyepesi, asimpe faili mtu asiyehusika na tiba, na kosa likishapatikana, alifute siku ile ile, ingawa hapana atakayemuuliza.

Kata huingia mtungini kwa sababu ya kiu. Kiu ikiisha, hutundikwa mahali pake, tupu.