Mche Wangu wa Novemba

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ya Kenya ilitupa siku ya mapumziko ili tupande miti. Nikajitolea pamoja na marafiki, tukaenda hadi kilima kimoja karibu na Machakos. Mvua ya vuli ilikuwa imelowesha ardhi. Nilichimba shimo, nikatia mwarobaini, nikashindilia udongo kwa viganja. Sitanii, nilihisi kitu. Matope kwenye kucha, harufu ya udongo, na moyo ukatulia kuliko ulivyotulia mwaka mzima. Nilirudi Nairobi nikijiona ndugu wa kila chenye uhai. Picha nazo, bila shaka, nilipiga.

Februari nikapita tena pale. Mche wangu ulikuwa kijiti kikavu. Hatua tatu tu kando yake, mwingine ulikuwa na majani mapya. Umezungushiwa nyasi kavu, na chupa ya plastiki iliyotobolewa ilikuwa ikidondosha maji shinani. Mama mmoja wa pale ndiye aliyeutunza. Nikamuuliza, mbona wangu hakuumwagilia? Akacheka. "Mwanangu, nina jerikeni moja. Ningegawa hayo maji, ingekufa yote miwili."

Basi tangu hapo najiuliza: ile hisia ya Novemba ilikuwa uongo? Sidhani. Ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa yangu peke yangu. Mche haukunywa hata tone la furaha yangu. Nilidhani nimeungana na maumbile, kumbe nimekutana nayo tu, kama mgeni anayekula vizuri, anashukuru, halafu anawaachia wenyeji vyombo.

Utasema mtu wa mjini hawezi kumwagilia mti ulio mbali. Kweli. Basi tupande pale tunapoweza kurudi, au tumsaidie anayebaki. Vuguvugu la Green Belt, lililoanzishwa na Wangari Maathai mwaka 1977, liliwalipa wanawake kiasi kidogo kwa kila mche uliosalia hai. Zamani niliona hiyo ni hesabu ya wafadhili tu. Leo naona ni swali la maadili: tunahesabu mashimo au uhai?

Wiki mbili baadaye nilirudi bila mche, nimebeba jerikeni ya lita 20. Mama akanionyesha mingine minne yenye kiu. Ile hisia haikuja. Mgongo uliniuma, na maji yakaisha kabla ya mti wa mwisho.