Miaka Iliyoongezwa

Tunaposoma habari za mfalme Hezekia katika Isaya 38, kwa kawaida tunaishia pale alipopona. Nabii alimwendea akamwambia atengeneze mambo ya nyumba yake kwa sababu kifo kilikuwa mlangoni. Mfalme akageuza uso ukutani, akaomba, akalia sana. Mungu akamsikia, akamwongezea miaka 15. Hapo mahubiri mengi humalizika, na watu huitikia “Amina.” Lakini Biblia yenyewe haiishii hapo. Inaendelea kutuonyesha jinsi mtu huyu alivyoishi katika miaka aliyoongezewa. Huko ndiko liliko swali tunalotaka kulitafakari: mtu aliyekwisha kujiandaa kufa, kisha akarudishiwa maisha, anadaiwa nini? Na sisi tulio karibu naye tunadaiwa nini?

Swali hili si la wafalme wa zamani tu. Katika miaka ya karibuni, maelfu ya watu, hasa Ulaya na Marekani, wameletewa swali hilohilo na vidonge. Ni watu wenye ugonjwa wa mapafu uitwao sistiki fibrosisi. Ni ugonjwa wa kurithi: mtoto huupata anapopokea jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia, ingawa wazazi wenyewe huwa wazima. Chumvi haipiti ipasavyo katika chembe hai za mwili, hivyo ute wa mapafuni unakuwa mzito kama gundi. Vijidudu hukaa humo, na mapafu huharibika mwaka hadi mwaka. Kongosho nalo huziba, mtoto anakula lakini hanenepi. Jasho lake lina chumvi kupita kiasi. Zamani huko Ulaya watu walisema kwamba mtoto ambaye paji la uso wake lina ladha ya chumvi unapombusu, hatakaa sana duniani.

Daktari Dorothy Andersen wa New York alipoueleza ugonjwa huu mwaka 1938, wengi wa watoto waliokuwa nao walikufa wakiwa wadogo sana. Baadaye dawa za kuua vijidudu, lishe, na kazi ya kila siku ya kuwapigapiga kifuani na mgongoni ili makohozi yatoke viliwasogeza mpaka ujana, na wengine mpaka utu uzima. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1989. Hata hivyo walikua wakijua kwamba siku zao si nyingi, na walipanga maisha yao kwa kipimo hicho.

Mwezi Oktoba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa iitwayo Trikafta, ya kampuni ya Vertex. Ulaya inaitwa Kaftrio. Mgonjwa mzima humeza vidonge viwili asubuhi na kimoja jioni, pamoja na chakula chenye mafuta. Dawa hii haipunguzi dalili tu. Inaisaidia ile protini yenye hitilafu ifike mahali pake na kufanya kazi. Katika majaribio, uwezo wa mapafu ulipanda kwa takriban pointi 14 za asilimia, na nyakati za kuzidiwa zikapungua kwa zaidi ya nusu. Wagonjwa wengi wameeleza kwamba ndani ya saa chache walianza kutoa makohozi mengi ajabu, kisha kifua kikatulia. Watu waliokohoa tangu utoto walilala usiku kucha kimya.

Hiyo ni habari ya siku ya kwanza, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini tuulize habari za mwaka wa tatu na wa tano.

Wengi wameona mambo mema ambayo hawakuthubutu kuyaomba. Wanaohitaji kupandikizwa mapafu wamepungua sana. Wanawake waliokuwa wakishika mimba kwa shida wamezaa. Shirika la Make-A-Wish la Marekani, ambalo hutimiza matakwa ya watoto wenye magonjwa mazito, lilitangaza kwamba kuanzia mwaka 2024 ugonjwa huu hautamstahilisha mtoto moja kwa moja kama zamani. Tafakari maana yake: hata zawadi inayotolewa kwa mtoto aliye hatarini imeondolewa, kwa sababu mtoto huyo sasa anatazamiwa kuwa mtu mzima.

Pamoja na furaha hiyo kumekuja mizigo mingine. Dawa haifuti makovu yaliyokwisha kuingia mapafuni. Ini linapaswa kuchunguzwa kwa vipimo vya damu. Wapo waliopoteza usingizi, na wapo walioingia katika huzuni na wasiwasi. Na kuna lile ambalo hakuna kipimo cha damu kitakacholionyesha: mtu amefika miaka 35 bila akiba ya uzee, bila kazi ya kudumu, pengine bila mchumba, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba atafika hapo. Alijua jinsi ya kufa vizuri. Jinsi ya kuzeeka hakufundishwa.

Tena kuna waliobaki nyuma. Kwa kuwa ugonjwa ni wa kurithi, nyumba moja inaweza kuwa na wagonjwa wawili, na wapo waliomzika ndugu yao muda mfupi tu kabla dawa haijafika. Huko Marekani, karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi ana hitilafu za jeni ambazo dawa hii haikutengenezwa kwa ajili yake. Wagonjwa hawa hata kukaa pamoja chumba kimoja hawaruhusiwi, maana huweza kuambukizana vijidudu vya hatari. Kwa hiyo aliyepona hawezi kwenda kumshika mkono mwenzake ambaye hakupona. Wengi wamesema wazi kwamba wanajiuliza: kwa nini mimi, na kwa nini si yeye?

Msomaji wa Tanzania asidhani kwamba haya ni ya mbali. Kuanzia mwaka 2004, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa bure na serikali, sharika zetu ziliwaona watu wa namna hii. Mtu alikuwa amegawa shamba, amewakabidhi watoto kwa shangazi yao, amechagua na nyimbo za mazishi yake. Miezi sita baadaye alionekana sokoni akibeba ndizi. Watu walimshangilia. Lakini baada ya shangwe alirudi nyumbani kwenye shamba ambalo halikuwa lake tena, akiwa na kadi ya kliniki ya kubeba maisha yote, na kaburi la mwenzi wake nyuma ya nyumba. Shangwe ya siku moja haikutosha kumbeba miaka 20.

Basi tumwambie nini mtu kama huyu?

Liko jibu moja ambalo husemwa kwa nia njema sana, hasa wakati wa ushuhuda: “Mungu amekubakiza kwa kusudi kubwa.” Tulipime neno hili kwa uangalifu. Likisemwa hivyo, aliyekufa tunamweka wapi? Je, yeye Mungu hakuwa na kusudi naye? Mama aliyemzika binti yake ameketi benchi la tatu, naye anasikia. Na huyu aliyebaki tunamtwika deni zito: kila siku ya kawaida, ya kufua nguo na kusubiri daladala, itamshtaki kwamba hajafanya lile jambo kubwa. Tumemtoa katika kitanda cha hospitali tukamweka katika kiti cha mshtakiwa.

Injili haisemi hivyo. Maisha ya kwanza hatukuyanunua, na ya pili hayanunuliwi pia. Katika Katekisimo Ndogo, tunapokiri Kanuni ya Kwanza ya imani, tunakiri kwamba mwili, pumzi na yote tuliyo nayo tumepewa kwa wema wa Baba pasipo kustahili kwetu. Kama mzima hastahili pumzi yake, basi na mgonjwa aliyerudishiwa pumzi hana haja ya kujieleza kwa nini ameipata. Yesu alipowataja wale walioangukiwa na mnara wa Siloamu, katika Luka 13, alikataa kabisa kuwapima waliokufa na waliobaki kwa mizani ya ustahili. Nasi tuiache mizani hiyo.

Wala wapendwa wasifikiri kwamba kupona kwa kidonge ni kupona kwa daraja la pili. Hezekia aliomba kwa machozi, na katika sura ileile Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Ombi na dawa vilikaa katika chumba kimoja bila kugombana. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, Martin Luther aliandika barua ndefu juu ya namna Mkristo anavyopaswa kuenenda wakati wa ugonjwa wa kuua. Alifundisha kwamba Mungu ndiye aliyeumba dawa na kutupa akili, na kwamba anayezidharau kwa kisingizio cha imani anamjaribu Mungu. Kwa hiyo anayemeza vidonge vyake kila asubuhi kwa miaka 20 haonyeshi upungufu wa imani. Anapokea mkate wake wa kila siku kwa namna ya kidonge.

Tukishasema kwamba hadaiwi na Mungu, je, tumemaliza? Hapana. Hapa turudi kwa Hezekia, maana sura ya 39 ni onyo. Wajumbe walitoka Babeli kumpongeza kwa kupona. Hezekia akawatembeza katika hazina zake zote, fedha, dhahabu, manukato na silaha. Hatusomi kwamba aliwaambia habari za Mungu aliyemponya. Isaya alipomwonya kwamba siku zinakuja ambapo mali hiyo na wazao wake watachukuliwa kwenda Babeli, mfalme aliona neno hilo ni jema, kwa kuwa katika siku zake yeye kungekuwa na amani. Kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 32, kinasema waziwazi kwamba hakuitikia kulingana na wema aliotendewa.

Kosa lake lilikuwa nini? Hakushindwa kufanya jambo kubwa. Aliihesabu miaka iliyoongezwa kuwa mali yake, na amani yake ikamtosha. Watakaokuja baadaye wajitegemee.

Kishawishi hicho kipo hata katika dawa tunayoizungumzia. Ilipotoka mwaka 2019, bei yake Marekani ilitangazwa kuwa takriban dola 311,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Liverpool wamekadiria kwamba inaweza kutengenezwa kwa chini ya dola 6,000. Ni kweli kwamba utafiti una gharama, na anayefanya kazi anastahili kulipwa. Lakini ni kweli pia kwamba sehemu ya fedha zilizoanzisha utafiti huu zilitoka kwa wazazi waliochangisha michango kupitia taasisi ya hisani ya Marekani inayoshughulikia ugonjwa huo. Wengi wa wazazi hao walizika watoto wao. Walichanga kwa ajili ya watoto wa wengine.

Hapa Afrika ugonjwa huu upo, ingawa mara nyingi hautambuliwi, na mtoto hudhaniwa kuwa na kifua kikuu au utapiamlo. Katika Afrika Kusini, hitilafu ya jeni inayoonekana zaidi kwa wagonjwa Weusi si ile ambayo dawa hii ilitengenezwa hasa kwa ajili yake. Sayansi ilianza na wale iliowaona kwanza. Je, tuseme basi kwamba kuna amani katika siku zetu?

Sisi tunajua kwamba mambo hubadilika watu wanapokataa kuridhika. Mwaka 2000 dawa za UKIMWI ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuziuza kwa dola 350 kwa mashirika ya misaada. Miongoni mwa waliopiga kelele mpaka bei ikashuka walikuwamo wagonjwa wenyewe, hata wale waliokwisha kupata dawa zao. Hawakusukumwa na deni kwa Mungu. Walimwona jirani ambaye bado hajapata. Mungu hana haja na malipo yetu. Jirani ndiye mwenye haja na mikono yetu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, akiwapo katika mtaa wako mtu aliyerudishiwa maisha, kwa dawa ya mapafu, ya damu au ya moyo, usiishie kumpigia makofi siku ya ushuhuda. Mwulize mwaka unaofuata kama analala usingizi. Mwulize kama dawa bado inapatikana na nani anailipia. Msaidie kutafuta kazi, kiwanja, hata mchumba, maana hayo ndiyo maisha. Mruhusu amlilie aliyekufa bila kumwambia kwamba hana shukrani. Na akitumia miaka yake kulima bustani na kulea watoto, usimwambie kwamba ameipoteza.

Katika ile miaka 15 ya Hezekia ndipo alipozaliwa Manase, kwa maana alianza kutawala akiwa na umri wa miaka 12. Alikuwa mfalme mbaya kuliko wengi. Hata hivyo Mathayo anamtaja katika ukoo wa Yesu Kristo. Miaka iliyoongezwa haikuwa safi, wala haikutumiwa vizuri yote, lakini Mungu hakuitupa. Na ile ambayo sisi tumeongezewa, kila mmoja asubuhi ya leo, tuipokee bila hofu na tuitumie karibu na jirani. Bwana atusaidie. Amina.