Haki ya Mtoto Anyonyaye na Vazi la Haya

Katika Kurani Tukufu Mwenyezi Mungu amewaelekeza akina mama wawanyonyeshe watoto wao miaka miwili kamili, kwa wale wanaopenda kutimiza muda huo. Na papo hapo amemwekea baba wajibu wa kumlisha na kumvika mama anyonyeshaye (2:234). Katika Sura nyingine amewaamuru waaminio wanaume, na kisha waaminio wanawake, wainamishe macho yao na kuzilinda tupu zao (24:31-32). Amri hizi mbili zatoka kwa Mola mmoja, wala hazigombani. Lakini katika nchi za Magharibi zimegombanishwa, na wale wanaouchunguza Uislamu hutuuliza: Je, ninyi mko upande gani?

Yafaa kwanza tuueleze ugomvi wenyewe. Mwaka 1986 wanawake kadhaa walikamatwa katika bustani ya mji wa Rochester, jimbo la New York, Marekani, kwa kukaa kifua wazi. Hoja yao ilikuwa hii: mwanamume huvua shati lake hadharani wala hashitakiwi, mbona mwanamke ashitakiwe? Mwaka 1992 mahakama kuu kabisa ya jimbo hilo iliyafuta mashitaka yao. Lakini katika mji wa Laconia, jimbo la New Hampshire, wanawake waliokamatwa mwaka 1016 baada ya Masihi? La, haikuwa zamani hizo. Ilikuwa mwaka 2016, na kwa hoja ile ile walishindwa mbele ya mahakama ya jimbo lao mwaka 2019, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufani yao.

Katikati ya mabishano hayo alinaswa mtu asiyetaka kumwonyesha yeyote mwili wake, yaani mama mwenye mtoto mchanga. Ilibidi zitungwe sheria za kumlinda asifukuzwe anyonyeshapo. New York ilitunga yake mwaka 1994, na majimbo ya mwisho, Idaho na Utah, yalifanya hivyo mwaka 2018. Mwezi wa Mei mwaka huo huo hata Nairobi akina mama waliandamana, baada ya mwenzao kueleza kwamba alizuiliwa kumnyonyesha mtoto wake mkahawani.

Basi tazameni jinsi pande mbili zilivyopotea. Upande mmoja wasema: kwa kuwa ziwa ni chakula cha mtoto, hakuna haya yoyote katika kulionyesha. Upande wa pili wasema: kwa kuwa mwili wa mwanamke una haya, mama na aende akanyonyeshe chooni. Wa kwanza wamemtumia mtoto kuwa hoja. Wa pili wamemnyima chakula chake, au kumlisha mahali ambapo wao wenyewe hawangekubali kula.

Uislamu waanza na haki ya mtoto. Mtume Mtukufu s.a.w. alikuwa akikusudia kurefusha sala, naye asikiapo mtoto akilia huifupisha, kwa kumhurumia mama yake. Basi mama na mtoto wake walikuwamo msikitini, na Mtume wa Mungu hakuwafukuza, bali aliifupisha sala yake kwa ajili yao. Hali kadhalika mama anyonyeshaye amepewa ruhusa ya kutofunga saumu.

Tena yasimuliwa kwamba Hadhrat Umar r.a., Khalifa wa Pili, alikuwa ameweka posho kwa watoto walioachishwa ziwa. Usiku mmoja alimsikia mtoto akilia sana, na mama yake, asiyemtambua Khalifa, akamweleza kwamba anamwachisha mapema ili aipate posho hiyo. Hadhrat Umar alihuzunika mno, na akaamuru posho itolewe tangu mtoto azaliwapo. Hii ndiyo siasa ya Kiislamu juu ya kunyonyesha: mtawala hubadili sheria yake ili mtoto asikose ziwa.

Ama kuhusu haya, Injili yakataza kumtazama mwanamke kwa kumtamani (Mathayo 5:28). Kurani Tukufu yaanza mapema zaidi, yamwamuru mwanamume ainamishe macho kabla tamaa haijazaliwa. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alieleza katika hotuba yake iliyosomwa Lahore mwaka 1896 kwamba shabaha ya pardah si kumfunga mwanamke kama mfungwa, bali ni kuwazuia wanaume na wanawake pia wasitazamane ovyo. Basi anayemkodolea macho mama anyonyeshaye, kisha akamlaumu mama huyo, ameivunja amri iliyoanza kwake yeye.

Na wale wadaio usawa twawajibu: Desturi za wanaume si kipimo cha heshima ya mwanamke. Mwenyezi Mungu amewateremshia wanadamu wote nguo za kuwasitiri na kuwapamba, na vazi la ucha Mungu ndilo bora (7:27). Usawa wa kusitiriana ni bora kuliko usawa wa kuvuana.

Huenda mtu akauliza: Bibi zetu wa zamani katika sehemu nyingi za Afrika walikaa kifua wazi, je, walikuwa waovu? Hasha! Mwenyezi Mungu haadhibu watu kabla hajawapelekea Mtume (17:16). Nao walikuwa na jema moja: hawakumwonea mama haya kwa kumnyonyesha mtoto wake. Uislamu haukuja kuliondoa jema hilo, bali umeliongezea sitara.

Kwa hiyo, dada uliyeingia katika Uislamu karibuni, usidhani kwamba kwa kuvaa pardah imekupasa kumwacha mwanao alie njaa ndani ya basi au hospitalini. Jitandie khanga yako umnyonyeshe kwa utulivu, kwani unatekeleza haki aliyoithibitisha Mola wako. Nawe ndugu mwanamume, geuza uso wako, mpishe mahali pa kukaa, na msikitini na kazini tengeni mahali safi kwa ajili ya mama na mtoto. Katika Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imekwisha kuwataka waajiri watenge mahali hapo. Waislamu wasingojee kulazimishwa na sheria.

Mwenyezi Mungu atujalie macho yenye haya na mioyo yenye huruma. Amin.