Kiongozi wa Roho si Bwana wa Dhamiri

Yako maswali ambayo Mkristu hujiona hawezi kuyajibu peke yake. Kijana anavutwa na utawa, na mama yake ni mjane asiye na tegemeo jingine. Baba wa watoto wadogo ameitwa kwenye kazi yenye mshahara mnono, lakini mbali na nyumbani kwake. Mama mmoja husali kila siku, wala haonji tena faraja yoyote katika sala. Katika mambo kama hayo Amri Kumi hazitoi jibu la papo hapo, maana yawezekana hakuna dhambi upande huu wala upande ule. Ndipo mtu anapohitaji kiongozi wa roho. Wahenga walisema kweli: mganga hajigangi.

Walakini hapo huzuka swali zito. Mtu akiisha kumfunulia mwenzake moyo wake, je, amemkabidhi na uhuru wake? Kiongozi akisema “nenda” au “baki”, je, Mungu ndiye aliyesema?

Wako wanaojibu kwamba ndivyo. Husema utii ni fadhila, na mnyenyekevu hajiamini mwenyewe. Neno hilo lina ukweli ndani yake, kwa kuwa kiburi kimewapoteza wengi waliokataa shauri. Lakini anayelishika neno hilo bila kipimo humgeuza kiongozi kuwa bwana, na mwana wa Mungu kuwa mtumwa.

Tumtazame Mtakatifu Ignasi wa Loyola, aliyejeruhiwa vitani Pamplona mwaka 1521. Akiwa kitandani alisoma maisha ya Kristu na ya watakatifu, akaanza kuyapima mawazo yake: yapi yalimwachia furaha ya kudumu, na yapi yalimwachia ukavu. Mapambanuzi hayo, pamoja na miezi aliyokaa Manresa, ndiyo chimbuko la kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548. Humo anamwonya anayeongoza mazoezi asimsukume mwenzake kwenye nadhiri za utawa, wala kwenye hali nyingine ya maisha. Inampasa akae katikati pasipo kuegemea upande wowote, amwache Muumba ashughulike mwenyewe na kiumbe chake.

Kanisa nalo limeulinda uhuru huo kwa sheria. Mwaka 1890, wakati wa Papa Leo XIII, hati iitwayo Quemadmodum iliwakataza wakubwa wa mashirika kuwalazimisha watawa wawafunulie siri za dhamiri zao. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zimeshika msimamo huo huo. Tena kanuni ya 240 yaagiza kwamba, katika kuamua kama mseminari apewe daraja takatifu au aondolewe seminarini, maoni ya kiongozi wake wa roho na ya waungamishi wake yasiulizwe kamwe. Sababu yake yaeleweka: aliye na mamlaka juu ya maisha yako asishike pia ufunguo wa moyo wako.

Mtu atauliza: basi kiongozi ana kazi gani, ikiwa haamui? Kazi yake ni kubwa. Anasikiliza. Anakumbusha mafundisho ya Kanisa pale tunapotaka kuyasahau. Anatuonyesha mahali tunapojidanganya, kama vile mtu anayesema anakwenda mbali kwa ajili ya watoto, kumbe anawakimbia. Kwa hiyo yampasa awe amefundishwa vema. Mtakatifu Teresa wa Avila, aliyeishi kati ya 1515 na 1582, aliteswa na waungamishi wenye elimu haba, akawausia wenzake watafute wenye elimu. Uongozi wa roho pasipo malezi ya imani ni kipofu kumwongoza kipofu.

Wala kazi hii si ya mapadre peke yao, ingawa maondoleo ya dhambi katika Kitubio hutolewa na padre tu. Mtakatifu Katarina wa Siena, aliyefariki mwaka 1380, hakuwa padre wala hakuishi monasterini, na hata hivyo watu wengi, mapadre wakiwamo, walimwita mama. Katekista, mtawa au mlei aliyefunzwa aweza kumsindikiza mwenzake.

Lakini mjihadhari, ndugu wasomaji. Kiongozi anayekukataza kutafuta shauri kwingine, anayedai zawadi, anayekuchagulia mchumba kwa kusema ameoteshwa, au anayetaka kwako jambo ambalo lisingeweza kusemwa mbele ya wazazi wako, huyo amevuka mpaka. Kumwacha si kukosa utii.

Na ninyi wazazi, mtoto wenu atokapo kuongea na kiongozi wake, msimshike kwa maswali ili mjue yaliyosemwa. Mwombeeni, mkamngoje. Akija na uamuzi wake, mwulizeni kama ameupima mbele ya Mungu na kama yu tayari kuubeba. Maana siku ya mwisho kila mmoja atatoa hesabu yake mwenyewe, wala haitafaa kitu kusema, “Niliambiwa na kiongozi wangu.”